Set, Run na Trei Kumi na Mbili

Mikate ya hospitali iliungua yote, trei kumi na mbili, na iliungua kwa sababu wanaume wawili wazima walisimama mbele ya tanuri wakibishana kuhusu Kiingereza.

Tena si Kiingereza cha maana. Walibishania maneno mawili madogo, "set" na "run", lipi kati yake lina maana nyingi kuliko mwenzake. Wote wawili waliacha shule mapema. Kiingereza chao walikiokota kwenye magunia ya unga, redioni na midomoni mwa wateja, na walikishika kama mtu anavyoshika shuka ya kuazima, kwa nguvu kuliko mwenyewe.

Mchomaji aliitwa Makaa. Alikuwa mweusi wa masizi hata siku ya mapumziko, na ulimi wake haukuwa na breki. Mkandaji alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, na yeye walimwita Hamira, kwa kuwa asubuhi alikuwa mzito kuanza, lakini akishaanza kuvimba hakuna chombo kinachomtosha. Dada mtu ndiye aliyekuwa mwenye duka. Alikaa mbele kwenye kaunta, akauza, akapokea fedha, akawakemea wote wawili kupitia dirisha dogo la ukutani. Nyuma walibaki mashemeji na tanuri lao.

Tanuri lilikuwa la matofali, moto chini, mikate juu, mlango wa chuma. Trei zikishaingia, Makaa alifunga mlango na kuziba kingo zake kwa matambara mabichi ili joto lisivuje. Hapo hakuna tena kuchungulia. Ukifungua mapema, mikate inanywea kama mtu aliyetukanwa. Ukichelewa, umejichomea makaa. Harufu nayo haisaidii, maana chumba kile kilinuka mkate tangu matofali yake yalipojengwa, na pua ya Makaa ilikwisha zoea.

Sasa mtu atauliza, je, saa haikuwepo? Ilikuwepo. Dada alinunua saa ya ukutani, unga ukaingia ndani ikafa. Akanunua ya pili, nayo ikaenda kumfuata mwenzake. Baada ya hapo hakununua tena, kwa kuwa aligundua jambo ambalo wanaume wenyewe hawakuwa na habari nalo. Kila alfajiri, mlango ukishazibwa, walianza ubishi wao. Na kila alfajiri ubishi ulikwisha mikate ikiwa tayari.

Ulikuwa na njia yake, kama sala. Hamira alianza na "set" ya vikombe. Makaa akajibu kwa "run" ya miguu, mtu anakimbia. Hamira akaleta meza iliyoandaliwa chakula, Makaa akaleta maji yanayotiririka bombani. Hamira: saruji imeganda. Makaa: rangi ya nguo imechuja. Hamira: mwalimu katunga mtihani. Makaa: mtu anagombea uongozi. Hapo walisimama kidogo kuwasema viongozi, na kusimama huko nako kulikuwa na urefu wake. Halafu mtego umetegwa, duka linaendeshwa, basi linafanya safari, na mwisho Hamira akatoa lile alilolionea fahari, jua limetua. Makaa alilijibu kila siku kwa jambo lile lile, bila kuona haya.

"Jua lako limetua vizuri, shemeji. Lakini mtoto wako pua inachuruzika, na hiyo nayo ni run. Nenda kamfute kamasi."

Hamira akasonya, Makaa akacheka, na akicheka mkono wake ulikuwa umeshashika komeo la mlango. Kule mbele, dada akisikia neno kamasi alianza kutandika karatasi kwenye kaunta. Mikate ya mtaa ule ilitoka kwa kamasi miaka nenda miaka rudi, na ilitoka mizuri, rangi ya asali, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Basi ikaja habari ya hospitali. Jiko la hospitali lilikuwa linatafuta mtu wa kuwapelekea mikate kila siku, na msimamizi wake alisema atakuja mwenyewe kuona mikate ikiiva, aichukue ikiwa moto, iwe ndiyo ya majaribio. Dada aliwaita wote wawili mbele ya kaunta na hakuzunguka mbuyu. Duka la mkate lenye mashine lilikuwa limefunguliwa barabara ya pili. Wateja walikuwa wanapungua, wao wenyewe walikuwa wanaona. Tenda ya hospitali ikipatikana, kazi ipo ya watu watatu. Isipopatikana, kazi ipo ya watu wawili, yeye na mmoja wao.

Hakusema yupi. Hakuwa na haja. Mmoja alikuwa mumewe na mwingine alikuwa ndugu yake wa ziwa moja, na kila mmoja aliangalia viatu vyake.

Makaa alitoka pale akiwa na wazo moja tu, kwamba mgeni lazima apendezwe. Na kwa kichwa chake, mtu wa hospitali ni msomi, na msomi atapendezwa na Kiingereza. Akamwendea mpwa wake, binti wa dada, aliyekuwa anasomea ualimu, akamwomba maana mpya za "run".

"Mjomba, unataka kumpiga baba?" binti akamwuliza.

"Nataka kumpiga kidogo tu. Usimwambie."

Binti alicheka mpaka akakaa chini, halafu akampa. Mgonjwa akiwa na homa, hiyo nayo ni "run". Gazeti likichapa habari, "run". Ukiishiwa sukari, "run". Ukikutana na mtu bila kutarajia, "run". Gari likimkanyaga kuku, "run". Makaa alizirudia njiani kama mtoto aliyetumwa dukani, asije akasahau chumvi.

Asubuhi ya siku yenyewe Hamira alikanda vizuri kuliko siku zote. Hata Makaa alilazimika kulikubali hilo. Unga uliumuka, ukakaa kwenye trei umenona na kutulia. Msimamizi alifika mikate ikiwa inaingizwa. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kucheka, aliyekataa kiti akasema anataka kusimama na wenye kazi. Makaa alifunga mlango, akaziba kingo, akapangusa mikono.

Hamira, kwa mazoea tu, akasema "set" ya vikombe.

Mgeni akauliza wanafanya nini. Wakamweleza. Mama yule alipiga makofi kwa furaha, akasema yeye atakuwa mwamuzi, na asiyeweza kutetea maana yake, maana hiyo itupwe. Ubishi ukaanza. Lakini palipokuwa na maneno mawili matatu, sasa palikuwa na kesi. Hamira alisema saruji, mgeni akataka kujua kwani hata uji ukiganda ni "set"? Wakalipima hilo. Makaa alisema rangi imechuja, mgeni akasimulia habari ya shuka zake zilizoharibiwa na kitenge chekundu, na kisa kile kilikuwa na mwanzo, katikati na mashahidi.

Mahali pengine pangekuwa na mtu wa kusema jamani, tanuri. Lakini mgeni hakatizwi, hasa mgeni uliyemfungulia mlango ukiwa na njaa naye. Na wale wawili hawakujua kwamba kuna sababu ya kumkatiza. Vifuani mwao walikuwa bado wako kwenye mtihani na uongozi. Mikate ilikuwa mbali.

Wakafika jua. Hamira akalitoa taratibu, kwa heshima ya mgeni, jua linatua. Mkono wa Makaa ulikwenda wenyewe kuelekea kwenye komeo. Alitakiwa kusema pua, kusema kamasi, kufungua.

Akaurudisha mkono. Alimtazama mgeni na kuona haya kutaja kamasi mbele ya mama wa watu. Tena mfukoni alikuwa na maana tano mpya zinamwasha.

"Mgonjwa akichemka homa," akasema, "hiyo nayo ni run."

"Kweli kabisa," mgeni akasema. "Madaktari wetu wanasema hivyo kila siku."

Hamira aligeuka kama mtu aliyekanyagwa kidole. Maana hiyo hakuwahi kuisikia. Akakuna kichwa, akavimba, akarudi na mfupa: aliyevunjika akiungwa mfupa, hiyo ni "set", mgeni aseme kama si kweli. Mgeni akasema ni kweli. Makaa akatoa gazeti. Akatoa kuishiwa sukari. Akatoa kukutana na mtu, na hapo Hamira akapata pa kumshikia.

"Hayo ni maneno mawili, shemeji. Kuna run, halafu kuna mkia wake. Hatukukubaliana kuhesabu mikia."

"Mkia si sehemu ya ng'ombe?"

"Ng'ombe ukimkata mkia bado ni ng'ombe. Hilo lako ukilikata mkia linarudi kukimbia."

Mgeni alicheka mpaka akashika ukuta. Akaomba muda wa kufikiri, kwa sababu mwamuzi hakurupuki. Halafu akasema Kiingereza kinaonekana ni cha maskini, neno moja linafanyishwa kazi za watu kumi. Makaa akakubali. Hamira akakataa, akasema mbona na sisi tuna "piga": unapiga simu, unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga hodi, na hakuna aliyeumia. Hapo wakasahau hata walikuwa wanabishania nini. Kila mtu akaleta "piga" yake.

Kule mbele dada alikuwa amesimama na karatasi mkononi. Alisikia jua limetua, akaanza kukunjua. Akasubiri kamasi, haikuja. Akasikia homa, akasikia mfupa, vitu asivyovijua. Akadhani wameamua kumwanzia mgeni upya kutoka juu, kwa hiyo mikate bado. Yeye peke yake mle ndani alijua saa ya duka lile ni nini, na siku hiyo aliiamini. Akaweka karatasi chini, akampimia mteja chumvi.

Moshi ndio uliowaambia. Ulipenya kwenye matambara, ambayo yalikuwa yamekauka kabisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Makaa aliuona moshi, akaona na kitambaa kikavu. Akavuta komeo kwa mkono mtupu, akaungua kiganja, hakusikia.

Trei zilitoka moja moja. Mikate ilikuwa imeumuka vizuri, hilo ndilo lililouma zaidi, ilikuwa na umbo zuri kama ya kuchongwa, na ilikuwa myeusi juu, myeusi chini, na ubavuni. Hamira aliuchukua mmoja, akaugonga mezani. Ulilia kama tofali.

Mgeni aliacha kucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alisema amefurahi sana, muda mrefu hajacheka hivyo, na kwamba sehemu ya kosa ni yake na anaomba radhi. Halafu akachukua mkoba wake.

"Lakini wagonjwa wangu hawali ubishi, ndugu zangu," akasema. "Wanaamka na njaa."

Akapita mbele, akamuaga dada kwa heshima, akaenda barabara ya pili kwenye mashine.

Dada alikuja nyuma. Makaa alimngojea amtukane, na angeshukuru. Hakutukana. Aliuliza swali moja tu, kwa nini hakusema kamasi. Makaa hakuelewa. Ndipo dada akawaeleza, akiwa amesimama kati ya trei, jinsi alivyokuwa akitandika karatasi zake miaka yote hiyo. Hamira alikaa juu ya gunia. Makaa aliangalia ukutani palipokuwa na msumari wa saa.

"Ungetuambia, dada," akasema mwishowe.

"Ningewaambia, mngeanza kuiharakisha."

Hilo lilikuwa kweli. Hamira akaanza kusema kwamba aliyemchokoza mwenzake ni yeye, kwamba yeye ndiye aliyeleta "piga", na kwamba atakayeondoka awe yeye, kukanda anaweza kukanda popote. Alikuwa anasema kwa kuokota, hamalizi. Makaa alimwacha aseme kidogo, kwa sababu ilikuwa vizuri kuyasikia, halafu akamkatiza. Unga wako ulikuwa sawa, akamwambia. Aliyezuia mkono kwenye komeo ni mimi. Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wa saa, akamwomba dada mafuta ya kupaka kiganja.

Wiki iliyofuata alipata kazi barabara ya pili. Wanakochoma kwa mashine hakuna mchomaji, kuna mtu wa kubonyeza kitufe na kusubiri kengele. Makaa anabonyeza. Kengele ikilia anafungua. Hakuna wa kubishana naye, na mashine ina kelele. Mikate anayoitoa inakwenda hospitali.

Hamira sasa anakanda na kuchoma mwenyewe. Dada amenunua saa ya tatu, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki ili unga usiingie, na inakwenda. Mikate inatoka sawa. Siku ya mapumziko Makaa huja kula kwao, na mashemeji husalimiana vizuri, wakaongea mpira. Siku moja Hamira alianza na "set" ya vikombe. Makaa akajibu kukimbia. Wakafika kwenye saruji, wakaishia hapo, kwa sababu hapakuwa na kitu ndani ya tanuri.

Hesabu ya hasara ndiyo hii. Trei kumi na mbili za mikate, walikula mbuzi wa jirani. Tenda ya hospitali. Kiganja cha kulia cha Makaa, ambacho hadi leo hakikunjiki sawasawa. Kazi moja, ya mtu mmoja, kwenye tanuri alilolijua kuliko nyumba yake. Na ubishi wenyewe, ambao haukupata mshindi.