Pamba ya Milembe

Lukresia alikuwa na sauti, hilo hata maadui zake hawakubisha. Jumamosi jioni, jumuiya ya Mtakatifu Ana ilipokusanyika nyumbani kwa mmoja wao kusali, yeye ndiye aliyeanzisha Baba Yetu na wengine wakamfuata. Mkate wa kila siku waliuomba vizuri tu. Wakifika kwenye “utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea,” sauti ya Lukresia inakatika. Kimya! Wenzake wanababaika, huyu yuko mbele, yule nyuma, mpaka wafike kwenye “usitutie katika kishawishi” ndipo mama anarudi na sauti yake yote, utadhani hakuna kilichotokea.

Si kwamba alisahau maneno. Alinyamaza kwa sababu hakutaka kumdanganya Mungu waziwazi. Watu wengine wote waliowahi kumkosea alikuwa amewasamehe, au angalau amewasahau. Ila Milembe. Milembe alikuwa hajamsamehe, na mpango wa kumsamehe hakuwa nao.

Milembe huyo alikuwa jirani yake, bibi mkavu asiye na mume wala mtoto, mkunga wa kijiji kizima, na mtu wa mizimu ya wazee wake ambaye kanisani hakuwahi kukanyaga. Ndiye aliyempokea Kabula, mtoto pekee wa Lukresia, na siku hiyohiyo akamfunga mkononi kamba nyeusi yenye dawa ili imkinge. Wakati huo Lukresia alikuwa bado anaitwa Ng'washi. Kabula alipotimiza miaka mitatu, mama yake alibatizwa, na jioni ya ubatizo akaikata kamba ile kwa wembe akaitia motoni. Mwaka uliofuata, watu wakiwa wanapanda pamba, homa ikampanda mtoto. Baba yake, Bujiku, alimpakia kwenye baiskeli kumkimbiza Bariadi mjini. Kabula alifia njiani.

Kwenye mazishi, kaburi bado bichi, Milembe alisimama mbele ya watu wote akanyoosha kidole. “Ng'washi,” akasema, “umemuua mwenyewe. Uliikata kamba.”

Loo! Kuna maneno mtu akiyasema hata ardhi inaona haya. Huku Usukumani msiba hauchezewi. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walikaa kikao, na kamanda wao, Bundala, akatoa hukumu: Milembe atoe ng'ombe, achinjwe, kijiji kipate kula nyama, Lukresia afutwe machozi. Milembe alikuwa na ng'ombe wawili. Akasema, “Yaya, hapana. Sitoi hata mkia.” Basi wakamtenga. Na usidhani kutengwa ni mchezo. Husalimiwi. Huombi moto. Dukani huuziwi hata kiberiti, na kisimani wenzako wanakaa pembeni mpaka uondoke. Atakayekusaidia naye anatozwa ng'ombe, na akikataa anatengwa kama wewe.

Mwanzoni Lukresia aliona ni haki. Tena aliona ni kidogo.

Lakini pale pa kunyamazia palizidi kumtesa. Alidhani labda imani yake ni changa, haijashiba. Basi akaongeza. Alifunga siku za Ijumaa, akajiunga na akina mama wa kufagia kanisa, rozari akaisali hata akiwa anapalilia, tuta kwa tuta. Ukimwona ungesema huyu sasa anatafuta usista. Jumamosi ikifika, palepale, kimya. Na katika kimya hicho alisikia sauti ya Milembe: umemuua mwenyewe. Ubaya ni kwamba kuna siku aliamini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, hakumwambia mtu.

Katekista Athanasi, mzee mpole aliyekuwa fundi baiskeli siku za kazi, alimvuta pembeni Jumamosi moja. Lukresia alijua atakemewa.

“Mama,” akasema Athanasi, “nimesikia unaponyamazia.”

“Nisamehe, Mwalimu.”

“Kwa lipi? Sisi wengine tunapapita mbio kama mbwa aliyeona fimbo. Wewe umesimama. Sasa usisimame hapo mpaka ukaota mizizi.”

Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Lukresia alibaki amekasirika, maana alitaka aambiwe la kufanya, na moyoni alikuwa anajua tayari ni lipi.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano, kampuni za watu binafsi zimeanza kununua pamba, na chama cha ushirika kimeduwaa. Zamani pamba yako ungeweza kuilaza, chama kipo tu. Hawa wapya walikuja na lori na mizani, wakanunua, wakipenda wakarudi, wasipopenda mtajijua wenyewe. Wiki hiyo mnunuzi alitangaza kwamba Alhamisi ndiyo mwisho, akitoka hapo anahamia Meatu.

Jumatano Lukresia alikuwa anatoka kisimani alipomwona Milembe njiani. Bibi alikuwa amefunga robota la pamba kwa khanga iliyochakaa, analiburuta ardhini. Anavuta hatua chache, anakaa juu yake, anahema, anainuka. Pamba safi aliyoichambua kwa mikono yake inachafuka vumbi, inakuwa fifi, pamba ya daraja la chini, mbele ya macho yake. Kutoka hapo mpaka gulioni palikuwa na mwendo, na nyumbani lilibaki lundo zima. Watu walimpita. Mmoja alitazama angani, mwingine akajifanya ana jiwe kwenye kandambili.

Lukresia naye akampita. Ndiyo, akampita, ndoo kichwani, Bikira Maria wa rozari akining'inia shingoni. Alipofika nyumbani aliitua ndoo, na hasira iliyompanda hakujua ni ya kumwelekea nani. Bibi yule asipouza hatakuwa na nafaka ya kufikia mavuno. Atakufa njaa. Na watu watasema alikufa kwa ajili ya machozi ya Lukresia.

“Kesho nataka tela na ng'ombe,” alimwambia mumewe.

Bujiku alikuwa anakula michembe, viazi vilivyokaushwa. Akaacha kutafuna. “Pamba yetu si tumeshauza?”

“Ya Milembe.”

“Weee! Mwanamke una akili timamu wewe? Bundala akichukua ng'ombe mmoja wa kulimia, yule aliyebaki nimfunge nira na nani? Na wewe?”

“Nimekuomba tela.”

“Ng'ombe ni wangu na tela ni langu.” Kisha sauti ikamshuka. “Alisema umemuua mwanangu, Lukresia. Mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye baiskeli.”

Lukresia alimwekea maji ya kunywa, akakaa karibu naye. Lakini asubuhi aliposikia jogoo alikuwa amekwisha kuamua, liwalo na liwe. Kichwa ni chake, hakuna wa kumkataza kukitumia. Akachukua kata ya kichwani na kamba, akaenda.

Milembe alikuwa mlangoni.

“Mwangaluka, mayu,” akasema Lukresia. Salamu ya asubuhi ya namna hiyo, ya kumwamkia mama, bibi alikuwa hajaisikia tangu atengwe.

“Umekuja kunicheka?”

“Nimekuja kubeba pamba.”

“Msamaha siombi.”

“Sijakuambia uombe. Sogea nipite.”

Milembe alisogea, maana kuna sauti ambayo hata mkaidi anaitii. Ndani, pamba ilijaa nusu ya chumba. Lukresia alipoinama kufunga robota la kwanza aliona kitu kwenye kigingi cha ukuta, akasimama. Ni kibuyu kidogo cha maziwa, kimeoshwa, kimefukizwa, mdomo umefunikwa kwa kitambaa. Alikijua. Kabula alikuwa akitoroka kila asubuhi kuja kunywa maziwa kwa Milembe, akirudi ana masharubu meupe na anakana kwamba hakunywa.

“Bado unakiosha?” akauliza.

“Nikioshe nisikioshe, inakuhusu nini?” Bibi akakaa chini. “Mimi ndiye niliyemshika kwanza. Kabla yako wewe mama yake, mikono hii. Alipokufa nilisikia kwa wapita njia. Mlipewa pole mpaka mkachoka. Mimi nani alinipa pole? Nani?”

Lukresia alitafuta kichwani mtu mmoja tu, akamkosa.

“Ulisema nimemuua,” akasema.

“Nilisema.”

“Unaamini?”

Milembe alivuta pumzi. “Nilitaka awepo wa kulaumiwa. Maana kama si wewe uliyeikata, basi ni mimi niliyeifunga vibaya. Nimefunga watoto wa kijiji hiki wote. Nikawaza, Milembe, ulikosea wapi? Silali.”

Basi. Mwaka mzima Lukresia alidhani neno lile lilikuwa mkuki wa kumchoma yeye peke yake. Kumbe bibi alikuwa amelishika kwa upande wenye makali. Lukresia alilia, si kwa utaratibu wa kanisani, alilia kwa kelele. Akajitupa chini kando ya yule bibi, akamshika mikono ileile.

“Pole, mayu,” akasema. “Ilikuwa homa. Hukumfunga vibaya. Pole sana.”

“Nawe pole, Ng'washi.” Na akaongeza, kwa sauti ndogo ya mtu asiyezoea, “Nilikukosea.”

Kisha wakafunga marobota, maana lori halingojei machozi.

Alipotokea gulioni na robota la kwanza kichwani, Milembe akimfuata nyuma na furushi dogo, watu waliacha kuongea. Filimbi ikalia. Bundala akaja, fimbo kwapani, mtu mrefu mwenye kupenda sheria kuliko usingizi.

“Lukresia! Ya nani hiyo?”

“Ya Milembe.”

“Sheria unaijua.”

“Naijua. Mlimtenga kwa ajili ya machozi ya nani?”

“Yako wewe.”

“Basi yameshafutika. Ng'ombe nimemwachia. Nimemsamehe.” Alilisema kwa sauti ile ya Jumamosi, na lilitoka zima.

Watu wakanung'unika. Nyuma kabisa mtu akauliza, “Na nyama yetu je?” Wengine wakacheka, wakajikuta wanatazama chini. Bundala hakucheka.

“Kijiji ndicho kilichohukumu,” akasema. “Ukisamehe wewe, kijiji hakijasamehe. Kuanzia leo nawe umetengwa, mpaka utoe ng'ombe.”

“Haya,” akasema Lukresia. “Nipishe sasa, shingo inaniuma.”

Mnunuzi, kijana wa kutoka Mwanza, alikuwa ameshachoka. “Mimi nanunua pamba, ugomvi sinunui,” akasema. “Tundika hapo.” Robota likapanda mizani. Lukresia akageuka kurudi kuchukua jingine, na jingine, jua linapanda, watu wanatazama, hakuna anayeinua mkono. Safari ya nne miguu ilikuwa inatetemeka alipoona vumbi njiani. Ni Bujiku, na tela, na ng'ombe wake wote wawili.

“Usinisemeshe,” alimwambia mkewe, akaanza kupakia. Milembe alipojaribu kumshukuru akasema hajaja kwa ajili yake. Lakini alipakia mpaka chumba kikabaki sakafu tupu, na kibuyu kile alipokiona alikishika kidogo kabla ya kukirudisha kwenye kigingi.

Jumamosi ile jumuiya ilikuwa zamu ya Lukresia. Alifagia uwanja, akatandika mikeka yote, akawasha mshumaa. Saa kumi na moja ikapita. Akina mama wa kufagia kanisa walipita kwa mbali na vitabu vyao vya nyimbo, wakaenda kusali kwingine. Iliuma, tena sana. Mikeka mitupu ni kitu kibaya kutazama.

“Kunja,” akasema Bujiku. “Nani atakuja kwa waliotengwa?”

“Aliyetengwa,” akajibu Lukresia, maana Milembe alikuwa anaingia uani, khanga imefuliwa, kibuyu kidogo mkononi kikiwa kimejaa maziwa.

Alikaa kwenye mkeka akasema hajui wanachofanya, wafanye tu, atatazama. Lukresia akafanya ishara ya msalaba. Akaanza, peke yake, bila wa kumfuata. Mkate akauomba. Akafika pale. Akapita, neno kwa neno, bila kukimbia: utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea. Machozi yalimtoka, akaendelea mpaka amina.

Milembe alikuwa amekunja uso.

“Hayo maneno ya kusameheana,” akauliza, “huwa mnayasema mara ngapi?”

“Kila siku, mayu.”

“Wote? Hata hao waliopita pale? Hata Bundala?”

“Hata Bundala. Hukaa benchi la mbele.”

“Kila siku,” akasema Milembe, “na mkanitenga mwaka mzima.”

Bujiku alikohoa.

“Ndiyo, mayu,” akasema Lukresia. “Ndiyo maana tunarudia.”

Bibi akayamimina maziwa ya kibuyu kwenye kikombe, akampa Bujiku, akajiweka sawa kwenye mkeka.

“Basi rudia,” akasema. “Na safari hii polepole, niyashike.”