Jani la Mwanzi Lililoloweshwa

Mchoro ulikuwa umepauka. Zha Genfu aliliona hilo tangu mlangoni kwa fundi wa kubandika michoro, kabla haujafunuliwa wote. Mianzi aliyoichora marehemu mkewe, Suyun, ilikuwa nyeusi tii. Sasa ilikuwa kama moshi.

"Mmeuchuna," alisema.

Pale wilayani Jingxian, aliyewahi kufanya kazi kwenye viwanda vya karatasi anaujua ujanja huo. Karatasi nzuri ya kuchorea huwa mbili zilizoshikana, na wino hupenya zote. Fundi mwenye tamaa huilowesha akaivua kama gamba: ya juu, iliyokolea, inakwenda kwa mkubwa fulani, ya chini anarudishiwa mjinga.

Fundi Ruan, mama mnene mwenye gundi mpaka kwenye nyusi, aliweka brashi chini. "Mzee Zha, nimebandika karatasi ya mgongoni tu, uweze kuning'inia ukutani. Nimchunie nani?"

"Mkurugenzi Tao wa utamaduni. Alikuja msibani, akala tofu yangu ya matanga, akautazama mchoro kuliko alivyolitazama jeneza. Kisha akasema eti mchoro uende maonyesho! Wakubwa hawakosi njia."

"Tao? Yule hajui kutofautisha mwanzi na fagio." Ruan alicheka, kisha akauinamia mchoro. "Ni wino, mzee wangu. Ulilala kwenye jiwe la kusagia. Wino wa jana ukipata maji unakimbia."

"Usimsingizie marehemu! Suyun alisaga wino kila asubuhi kabla ya chai. Alisema anasaga mpaka hasira zimwishe, ndipo achore."

"Hata alipokuwa hoi kitandani?"

Mchoro huu Suyun aliuchora siku zake za mwisho. Mkono wake ulikuwa na nguvu ya brashi tu, si ya kusaga wino. Swali lile lilimwudhi kwa sababu lilikuwa na maana, na watu wa Tao hawaishiwi maneno yenye maana.

"Basi pima mwenyewe," Ruan akasema, akimsogezea bakuli la maji. "Lowesha jani moja, linyanyue. Chini yake pakiwa na karatasi yangu nyeupe ya mgongoni tu, mimi mwizi, waite polisi. Ila ukilivua, halitakuwa tena lilivyokuwa. Na huu ndio pekee uliobaki nao, sivyo?"

Ndio pekee. Genfu aliutazama mchoro, akamtazama Ruan, akachovya kidole.

Alichagua jani dogo la pembeni. Utando ukanyanyuka, ukachanika, ukamng'ang'ania kidoleni. Chini yake palikuwa na jani lile lile, hafifu zaidi. Mkono wa Suyun ulikuwa umepenya mpaka ndani.

Hakuna kilichoibwa. Aliyeuharibu mchoro ni yeye mwenyewe, Genfu.

"Lete nilirudishe kabla halijakauka," Ruan akasema taratibu.

"Huendi nalo popote." Genfu akavuta kigoda kwa mguu, akakaa karibu kiasi cha kumdaka mkono. "Hapa hapa, nikikuona. Na hiyo gundi, ionje kwanza, nijue haina dawa."

Ruan akachota kwa kidole, akailamba, kisha akamnyooshea mkono ampe jani.