Maji ya Kusuuzia

Kazini kila mtu ananiita Mama. Msimamizi wa stoo, ambaye ana mvi kunishinda, ananiita Mama. Mlinzi wa getini ananiita Mama. Hata mkuu wa maabara, daktari wa kemia tuliyempachika jina la Desimali kwa jinsi anavyogombania nukta, huniita Mama akitaka chupa. Kwa hiyo mwanangu alipopata kazi ya ufundi mlemle, mtihani kaufanya mwenyewe na usaili kaupita mwenyewe, hatukuhitaji kutunga uongo wowote. Aliniita Mama kama wenzake, nami nikamwita Mgeni kama wengine walivyomwita. Asubuhi tulitoka nyumba moja na kuingia getini tumepishana dakika kumi.

Wazo lilikuwa langu. Naijua midomo ya watu. Wangesema ameingia kwa mgongo wa mama yake, kana kwamba mwosha vyombo ana mgongo wa kumbeba mtu hadi kwenye kiti cha fundi. Nilimwambia avumilie mpaka amalize miezi mitatu ya majaribio na kupata barua ya kuthibitishwa kazini, ndipo tuseme. Hakupenda, lakini alikubali, maana nikishatoa ile sauti yangu ya jikoni hata baba yake huanza kutafuta viatu.

Miaka ishirini na sita nimeosha vyombo vya maabara ile, na sitajifanya mnyenyekevu: naosha vizuri. Sabuni ya unga ya dukani, ile ya kufanya mashati yaonekane meupe kuliko yalivyo, haigusi sinki langu. Ndani yake mna kitu kinachong'aa, na mashine yetu ya kupima mwanga hukiona hata kikibaki chembe. Natumia sabuni ya maji isiyo na rangi wala harufu, kisha nasuuza mara saba, tatu kwa maji ya bomba na nne kwa maji yaliyosafishwa ya mtambo. Vile vichupa vidogo vya mraba vinavyoingia ndani ya mashine, vyenye kioo kitupu pande zote nne, navishika kwenye pembe tu. Fundi akivishika katikati kwa vidole vya mafuta mbele yangu, siku hiyo atanitambua.

Wiki ya mwisho ya majaribio ya Mgeni ilikuja kazi kutoka idara ya maji. Walikuwa wamemwaga rangi kwenye shimo la maji machafu la kiwanda kimoja cha kufulia, rangi isiyodhuru mtu, ambayo ukiimulika kwa mwanga wa bluu inakurudishia mwanga wa kijani. Baada ya siku chache wakachota maji kwenye visima vitatu, wajue kama shimo linavuja na linavujia wapi. Chupa ya kwanza ilitoka kisima cha mbali kabisa, ya pili cha katikati, ya tatu cha pale pale ubavuni mwa shimo. Desimali alimkabidhi Mgeni zote tatu azipime peke yake.

Alianza inavyotakiwa. Alichanganya maji yenye kiasi cha rangi anachokijua, kidogo, kisha zaidi kidogo, mpaka mikrogramu mia kwa lita, akayapima na kuchora nukta. Nukta zikakaa kwenye mstari ulionyooka. Rangi ikiongezeka mara mbili, mwanga nao unaongezeka mara mbili. Kisha unaichukua chupa usiyoijua, unasoma mwanga wake, unafuata mstari na kupata jibu. Hayo yote niliyajua kwa kusikia, maana sinki langu liko hatua nne tu kutoka kwenye mashine.

Chupa ya kwanza ilitoa sifuri. Ya pili ikatoa themanini. Ya tatu, ya ubavuni mwa shimo, ikatoa sitini.

Desimali alisoma akakunja uso. Haiingii akilini, alisema, kisima cha katikati kuwa na rangi nyingi kuliko cha ubavuni mwa shimo. Ile sitini aliiamini. Themanini ndiyo iliyomkera, na sababu aliipata kabla hata ya kuvuta kiti: kichupa kilichotumika kilibaki na sabuni, sabuni imeng'aa, namba imepanda. Alimwambia Mgeni arudie kwa kichupa kipya kutoka kwenye boksi. Mgeni akarudia, na themanini ikarudi vilevile. Basi hata ile chupa ya kuchotea ilioshwa vibaya, alisema Desimali, maana nayo ilitoka hapa kwetu. Ripoti itasainiwa Ijumaa asubuhi, na kwenye mstari wa "Chanzo cha kosa" iandikwe vyombo vichafu. Barua ya Mgeni ya kuthibitishwa ataisaini hapohapo.

Aliyasema hayo mimi nikiwa nimempa kisogo, mikono ndani ya maji. Si mtu mbaya, wala hakutaka kuniumiza, na nadhani ndiyo maana yalinikata maini zaidi. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Mgeni akiandika vile, mimi ningepewa barua ya onyo, ya kwanza tangu nivae koti la kazi. Akikataa bila kuwa na sababu nyingine, unga wake ungemwagika hata kabla hajauonja.

Mchana wenzetu walipokwenda kula, alinifuata sinkini, macho mekundu.

"Andika," nilimwambia. "Onyo moja haliniui."

"Vyombo vyako si vichafu."

"Najua. Andika."

"Siandiki uongo juu yako, Mama."

Nilipandwa na hasira kwelikweli. Miezi mitatu nimemficha kama dhahabu, halafu anakuja kuniharibia kwa ukaidi. Nikataka kumwuliza ukaidi huo ameurithi wapi, ila nikanyamaza, maana jibu ningelipata mwenyewe kwenye kioo. Nikageukia vyombo vyangu nisije nikalia mbele yake. Mkononi nilikuwa na bilauri aliyomiminia maji ya chupa ya tatu, na chini yake yalikuwa yamebaki kidogo, ya njano iliyokolea, mazito kwa macho na yasiyong'aa. Nikafungulia bomba.

Bilauri ikawaka kijani. Jua la dirishani lilikuwa likiipiga, na kadiri maji ya bomba yalivyozidi kuingia ndivyo kijani kilivyozidi, mpaka vidole vyangu vikageuka rangi. Jambo hilo nimeliona mara nyingi kwa miaka mingi, nikalihesabu kuwa usumbufu tu wa kuongeza msuuzo. Siku ile nilisimama nalo. Nikachukua bilauri ya chupa ya pili, nikaitia maji vilevile. Yenyewe ilififia, kama unavyotegemea chai ifanye.

"Hebu njoo utazame hapa," nilimwambia. "Hii ya tatu nikiisuuza inazidi kung'aa. Ya pili inafifia. Kwa nini?"

Mwanangu alitazama bilauri moja, akatazama ya pili, kisha akajipiga paji la uso. Alilisoma jambo hili chuoni, alisema, na hofu ilikuwa imelifukia. Rangi ya chupa ya tatu si ndogo, ni nyingi kupita kiasi. Iliyo mbele, upande wa taa, inaumeza mwanga wote kabla haujafika katikati ya kichupa, na jicho la mashine linatazama katikati. Ni kama sufuria ya wali na foleni ndefu, alisema: wa mbele wamemaliza chakula, halafu mashine inawauliza wa nyuma kama wameshiba.

Hakumkimbilia Desimali. Alikwenda kwenye kabati langu, akachukua vichupa vinane nilivyoosha asubuhi, akajaza maji ya mtambo na kuvipima kimoja kimoja. Sifuri. Sifuri. Nilisimama na kitambaa mkononi nikizihesabu sifuri zile kama mzazi anayesomewa matokeo ya mtoto, mpaka ya nane. Ndipo akaanza kuyapunguza makali maji ya chupa ya tatu kwa kuyaongezea maji ya mtambo. Mara kumi, mashine ikagoma kusoma kwa wingi wa mwanga. Mara mia, namba ikapita mwisho wa mstari wake. Mara elfu, ikatulia kwenye arobaini. Akaipunguza nusu tena, ikashuka ishirini. Hapo aliniangalia akacheka, kwa sababu maji yaliyopungua nusu na namba iliyopungua nusu sasa yalikuwa yanasema lugha moja.

Ijumaa asubuhi nilifika mapema, nikasugua meza ambayo tayari ilikuwa safi. Desimali alikuja na ripoti mkono mmoja na barua mkono wa pili. Mgeni hakubishana naye. Alimpa tochi ya bluu na vichupa viwili, akamwomba avimulike ubavuni. Katika kile cha maji ya kisima cha tatu yasiyoguswa, ulionekana ukingo mwembamba wa kijani upande wa tochi, na kwingine kote giza. Katika kile cha maji yaliyopunguzwa, mstari wa kijani ulikatiza toka ukuta hadi ukuta. Desimali alivigeuza huku na huku. Halafu akavua saa, akakunja mikono ya shati, akapunguza na kupima mwenyewe bila kumruhusu mtu amsaidie.

"Ishirini," alisema Mgeni namba ilipotokea.

"Ishirini nukta moja," alisema Desimali, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anatabasamu na nukta.

Basi kisima cha tatu kilikuwa na elfu arobaini, mara mia tano ya kile cha pili, na shimo lilikuwa linavuja kama kawa. Themanini ilikuwa themanini tangu mwanzo. Desimali alifungua ripoti kwenye mstari wa "Chanzo cha kosa", na mimi nikanyoosha shingo bila aibu. Mwanangu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Rangi ilizidi kipimo, nami mpimaji sikuipunguza kwanza. Vyombo vilipimwa vyote, ni safi.

Kosa alilichukua yeye, siku ya barua yake. Nilivimba kifua mpaka kifungo cha koti kikalalamika.

Desimali alitoa kalamu, akaiweka juu ya barua, kisha akasita. Alitaka kujua wazo lile amelipata wapi, maana kwenye mwongozo wa mashine halimo.

"Mama ndiye aliyeliona," mwanangu alisema. "Kwenye maji ya kusuuzia."

Desimali akasema vizuri, Mama ana jicho, sote tunamjua Mama. Kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi. Niliuona mdomo wa mwanangu unafunguka tena, nikakohoa kwa nguvu, kikohozi cha kumwambia subiri, mtoto wewe, sekunde mbili tu.

"Hujanielewa, Daktari," alisema. "Ni mama yangu. Mama yangu mzazi."

Msimamizi wa stoo alitokeza kichwa mlangoni. Desimali alimtazama mwanangu, akanitazama mimi, akarudi kwake, nadhani akitafuta pua yangu kwenye uso ule, na pua ipo, haijifichi. Kisha akainama, akasaini, jina lote na tarehe, na nukta mwishoni.

"Mama," aliniuliza, akisogeza barua mezani, "huyu ni wako?"

Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa miezi mitatu, ya heshima, ya kueleza kwa nini tulificha. Yote yaliniruka. Nilifuta mikono kwenye koti, nikasema kwa sauti ya kufika getini:

"Ni wangu."