Tiki ya Doña Crescencia

Kwenye programu ya picha ya studio yetu hapa Pátzcuaro, Meksiko, niliongeza sehemu yangu mwenyewe: "Marehemu". Kila Novemba nachapa picha zenye tiki hapo, watu waziweke kwenye madhabahu za wafu wao. Ya aliye hai haiwekwi. Ukiiweka, umemchimbia kaburi.

Mwaka huu, kwa pupa yangu, nilichagua picha za ukoo mzima nikazipiga tiki. Doña Crescencia, bibi mzima wa afya, akaenda kwa dada yake akajikuta pichani madhabahuni, kati ya mishumaa na mikate. Akanijia mbio.

"Wewe Nereida, umenizika lini, na hata uji sijanywa?"

"Ni kompyuta, Doña. Ina kasoro."

"Mashine hizi hazina adabu! Nitoe humo, mwanangu."

Nikaondoa tiki, ikarudi. Nikaondoa tena, ikarudi. Na foleni ya wateja inanipigia kelele!

"Tayari, Doña," nikasema. Akanibariki.

Januari mpwa wake alikuja kuomba picha ya Doña ya kuweka juu ya jeneza. Nikafungua programu ili nimpigie tiki.

Nikaikuta bado ipo.