Nguzo za Mzee Mashoto

Uliiona. Usiseme hukuiona. Alama nyekundu ya X, kubwa kama mtu aliyetanua mikono na miguu, kwenye ukuta wa tembe la Bi Stumai, ile nyumba yake ya paa la udongo, hapa Ilambo. Ukapita na baiskeli yako na gunia la alizeti nyuma, ukajifanya unatazama njia. Mwaka 1998 walipobomoa stesheni ya zamani ulisema si yako. Mwaka 2011 walipong'oa milango ya hospitali ya misheni ukasema hukuwepo. Basi kaa usikie yaliyotokea Jumanne, maana hata Aneth alikuwa kama wewe. Wiki tatu nzima alipita pale akiangalia upande mwingine, na Bi Stumai ni shangazi yake, dada wa baba yake mzazi.

Aneth alikuwa mwongoza wageni. Kampuni inayotaka kujenga hoteli kilimani ndiyo iliyompa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na karatasi yenye vituo vitano: gereza, kanisa, makaburi, kisima cha mawe, na boma la Wajerumani. Lakini mgeni wa Jumanne hakuja kupiga picha. Alikuwa Noel, mkaguzi wa majengo ya kale kutoka Dodoma. Jengo litakaloingia kwenye orodha yake litalindwa. Lisiloingia, na lina alama nyekundu, litabomolewa Jumatatu. Pale kwa shangazi pametengwa pa kuegeshea magari. Raymond, msimamizi wa kampuni, alimvuta Aneth pembeni kabla hawajaondoka, akamkumbusha kwamba vituo ni vitano na cha sita hakuna.

Wakatembea, Noel mbele na daftari lake, wageni wengine sita nyuma, Raymond ubavuni mwa Aneth kama kupe. Gerezani Aneth alisema alichofundishwa. Kanisani na makaburini vilevile. Lakini njia ya kisimani inapita mlangoni kwa shangazi, na Bi Stumai alikuwa ameketi kizingitini anapepeta uwele. Aneth alikaza mwendo. Mtoto aliyelelewa akampita shangazi yake bila shikamoo, mchana kweupe! Ungo ukanyamaza nyuma yake, kisha sauti ikamfuata taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Nimeitikia, hata kama umesahau kusema."

Wageni walicheka kidogo. Raymond alicheka zaidi. Aneth alihisi shingo inawaka, tena pale pale kilipolala kile kitambulisho.

Boma waliliacha mwisho kwa sababu ndilo fahari ya kampuni. Katika stoo ya nyuma paa la asili halijaguswa, na Noel alipomulika tochi juu waliona boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito udongo ulioshindiliwa. Akalisifu sana. Raymond akadakia kwamba hiyo ndiyo akili ya Mjerumani, alikosa bati akabuni. Noel akafungua daftari, akaanza kujaza mstari wa jina la mjenzi.

Aneth aliiona herufi ya kwanza, W, ya Wajerumani. Babu wa baba yake alitolewa shambani na kamba shingoni, yeye na wenzake, aje kuezeka boma hili, kwa sababu hao mabwana hawakujua kuezeka kwa udongo. Watu walimwita Mashoto, kwani alishika tezo ya kuchongea miti kwa mkono wa kushoto. Akakumbuka alipokuwa mdogo, shangazi akikiongoza kidole chake kwenye nguzo ya katikati ya tembe na kumwambia kwamba mapigo ya mafundi wengine yanalala huku, ya babu yetu yanalala kule.

Akaomba tochi. Akamulika nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mapigo yalilala huku. Ya nne, ile ya karibu na mlango, yalilala kule.

"Mheshimiwa, usimalize kuandika," alisema. "Aliyechonga nguzo hii ana nyingine hapo chini. Twende ukaione, halafu uandike unachotaka."

Raymond alimuuliza, kwa upole wa kutisha, kama kitambulisho kimemchosha shingo. Aneth akakivua, akamwekea mkononi.

Kizingitini kwa shangazi alipiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

Bi Stumai aliweka ungo chini. "Marahaba. Ya pili hiyo leo."

Noel aliinama kuingia. Ndani kulikuwa giza na harufu ya moshi. Aliweka dole gumba kwenye nguzo ya katikati, akaliteremsha polepole, pigo kwa pigo. Raymond alisema miti ya zamani yote inafanana. Noel alifungua daftari. Alikata ile W, akaandika jina la Mashoto. Kisha akawaambia lililobaki: kwa nyumba ya mtu binafsi kuingia kwenye orodha, saini ya mkaguzi peke yake haitoshi. Wanatakiwa wakazi ishirini waandike majina kwamba wanaijua historia hii, kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Fomu akaiacha juu ya kigoda cha Bi Stumai.

Raymond alikuwa ameegemea ukuta kando ya mlango, juu ya ile X yake. "Ishirini? Ilambo hii? Hawa wote wanasubiri kazi za hoteli. Hampati hata watano."

Leo ni Alhamisi. Majina ni kumi na moja. La kwanza ni la Aneth, ambaye sasa hana kazi. La pili ni dole gumba la Bi Stumai. La kwako halimo, na babu wa babu yako alikuwa kwenye kamba ile ile, unajua, bibi yako alikusimulia. Raymond amekwisha kukuweka upande wake bila kukuuliza, kwa sababu anakujua kwa kunyamaza.

Shusha hilo gunia. Alizeti haitaoza kufikia kesho. Mlango wa Bi Stumai uko wazi, kalamu imefungwa kwa uzi mguuni mwa kigoda. Inama usijigonge, mpe shikamoo yake, andika jina lako. Nenda sasa hivi, kabla ya chai.