Gunia la Kumi

Mara ya kwanza watoto wa klabu ya mazingira waliposafisha korongo la Kapchelach, watu wazima walipiga makofi. Mara ya pili walipiga picha. Mara ya tatu hakuna aliyejisumbua hata kutoka dukani, na kufika Jumatatu asubuhi korongo lilikuwa limejaa tena: chupa, maboksi, nywele bandia za saluni, matumbo ya kuku, yote kama yalivyokuwa. Shirley alisimama ukingoni, begi la shule mgongoni, akaangalia kazi yake ya Jumamosi nzima ikiwa imefunikwa. Hasira ilimpanda.

"Wacha tu," Kipkurui akamwambia. Huyu alikuwa rafiki yake, wote gredi ya sita. "Tutarudia Jumamosi."

"Haturudii. Kwani mimi ni punda?"

Na haki alikuwa nayo. Mtu mzima na ndevu zake anatupa, mtoto wa miaka kumi na miwili anaokota, halafu mtu mzima yuleyule anamsifu mtoto kwa bidii. Hiyo ni sifa au ni kejeli? Ukijua jibu, usimnyime jirani yako.

Kapchelach ni senta ndogo, mwendo wa boda kutoka Roret. Ina safu mbili za maduka, kanisa, shule, na kituo cha kununulia majani chai. Korongo liko nyuma ya maduka, na chini ya korongo kuna nyasi nzuri. Huko ndiko gogo Chepkemboi, kama wote walivyomwita nyanya yake Kipkurui, alikokuwa akimlisha ng'ombe wake mmoja wa maziwa. Mvua za Aprili zilipoanza, ng'ombe yule alivimba tumbo, akakataa majani, na siku ya nne akafa. Daktari wa mifugo alimpasua mbele ya watu akatoa fundo la takataka kubwa kama sufuria ya ugali. Ndani yake mlikuwa na kamba za magunia ya mbolea, vifuko vya sukari, na nailoni nyembamba zenye mistari ya njano.

Shirley alikuwepo. Alipoziona zile za mistari ya njano aliangalia kando haraka, kwa sababu alizijua vizuri. Muthoni, mama yake, ndiye pekee pale senta aliyefungia wateja mandazi ndani yake. Serikali ilikuwa imepiga nailoni kama hizo marufuku siku nyingi, lakini zilikuwa rahisi, na Muthoni alizinunua kwa kuficha akaziweka chini ya kaunta. Shirley hakusema neno. Alirudi nyumbani, akala, akalala, na kesho yake Mwalimu Nyatichi alipotangaza klabu ya mazingira, mkono wa kwanza kuinuliwa ulikuwa wake.

Mwalimu Nyatichi aliwafundisha mafungu matatu. La kwanza, vinavyooza: maganda, majani, mabaki ya chakula, hivyo viende shimoni viwe mbolea ya chai na sukuma. La pili, vinavyotumika tena: pakiti za maziwa zipandwe miche, magurudumu yakatwe yawe vyombo vya taka, chupa zirudi kwa mnunuzi. La tatu ndilo aliloliita baya. "Hili ni la vitu ambavyo havikufaa kununuliwa tangu mwanzo," alisema. "Hivi dawa yake si kufagia. Dawa yake ni aliyenunua aache." Watoto waliandika kwenye madaftari. Lakini nani angemwambia aliyenunua aache? Hilo halikuwa kwenye somo.

Jibu Shirley alilipata kituoni, siku ya kuuza majani. Kila Ijumaa wakulima hupanga foleni na vikapu vyao, wanamwaga majani mezani, na karani anapekua. Majani mawili na kichipukizi, sawa, yanaenda mizani. Yaliyokomaa na yenye vijiti anayasukuma kando. Siku hiyo karani Zacheus, kijana mwenye dharau za bure, alisukuma kando karibu nusu ya majani ya gogo Chepkemboi.

"Haya yamekataliwa. Beba urudi nayo kwako."

Gogo alisonya, akayarudisha kikapuni, akajitwika, akaenda zake. Hakuna aliyebisha, wala mwenyewe hakubisha, kwa maana majani yalikuwa yake na kila mtu aliyajua ni yake.

"Kipkurui," Shirley akanong'ona, "kama majani mabaya yanarudishwa kwa mwenyewe, taka je?"

Kipkurui alicheka kwanza. Halafu akatazama kikapu cha gogo kikitokomea njiani.

Wiki iliyofuata, siku nne mfululizo baada ya masomo, watoto tisa walishuka korongoni na glavu za kuazima na magunia matupu. Safari hii hawakufagia. Walipekua. Na takataka, ukizipekua vizuri, zina majina. Nywele bandia zilikuwa za saluni ya Maxine, hakuna saluni nyingine. Mifupa ilikuwa ya buchari. Chupa za dawa za mimea zilikuwa na stika ya duka la pembejeo. Maboksi na magunia matupu ya mbolea yalikuwa na jina la Kiptanui, mwenye duka la jumla, limeandikwa kwa kalamu nono na wale wanaomletea bidhaa, herufi kubwa ungezisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Kiptanui peke yake alijaza magunia matatu. Siku ya nne walihesabu magunia tisa, yamefungwa na kuandikwa.

Lakini la kumi lilikuwepo. Shirley alilijaza mwenyewe, pembeni, haraka haraka, akiokota nailoni za mistari ya njano na mikebe ya mafuta ya kupikia, kisha akalisukuma chini ya ua wa michongoma.

"Na hilo?" Kipkurui akauliza nyuma yake.

"Hilo bado."

Kipkurui aliona mistari ya njano ikichungulia mdomoni mwa gunia. Alikuwa ndiye aliyemshika yule ng'ombe kichwa siku anakata roho. Alimwangalia Shirley, akageuka, akapanda juu. Heri angemtukana.

Jumamosi, saa ambayo wateja ni wengi, watoto walizunguka mlango kwa mlango. "Habari ya asubuhi. Tumewarudishia mali yenu." Maxine alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaona aibu, akaliingiza gunia ndani. Mwenye buchari alitishia kuwachapa. Mbele ya duka la Kiptanui magunia matatu yalisimama mlangoni, na kila mteja aliyeingia ilimbidi ayapite na kulisoma jina.

Sasa, Kiptanui huyu hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa mwenyekiti wa soko, mwenyekiti wa kituo cha majani, na mjumbe wa bodi ya shule. Vyeo vitatu, na vyote alivivaa kwa wakati mmoja. Kabla jua halijatua alikuwa ametuma kijana akayamwaga magunia yote matatu korongoni, mchana kweupe. Jumatatu mwalimu mkuu alimpa Shirley barua. Klabu imefungwa. Ijumaa mwanafunzi atafika kituo cha majani, aombe msamaha mbele ya wakulima kwa kuwavunjia wazee heshima. Asipofanya hivyo, atakaa nyumbani, mtihani wa gredi ya sita ukiwa umebaki mwezi mmoja.

Muthoni aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la chumvi.

"Utaomba msamaha," alisema.

"Mama, sikukosea."

"Sijakuuliza kama umekosea." Alikuwa anakanda unga, na ngumi zake zilikuwa zinaupiga unga kuliko unavyohitaji kupigwa. "Babu yako alikuja hapa akiwa hana kitu. Majirani zetu wametuzikia, na sisi tumewazikia. Duka hili limesimama miaka yote kwa sababu hatutafuti maneno na mtu. Wengine wana mashamba, Shirley. Sisi tuna amani ya watu, basi. Unataka kuichoma kwa ajili ya makaratasi?"

Shirley alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza. Muthoni alipoona hivyo alilegeza sauti, akamgusa shavu kwa kidole chenye unga.

"Angalau ulikuwa na akili. Kwangu hukuleta gunia."

Yale maneno yalimchoma kuliko barua. Alitamani mama yake angemchapa. Usiku ule alifikiri juu ya Kiptanui na akagundua kitu kibaya sana: hakuona tofauti kati yao. Yeye alikuwa ameficha taka ya kwao kwa sababu ilikuwa ya kwao. Kiptanui alifanya hivyohivyo, ila yeye alikuwa na vyeo vya kumfunikia.

Ijumaa manyunyu yalianza mapema. Wakulima walijaa chini ya paa la kituo, vikapu miguuni, gogo Chepkemboi akiwa wa tatu kwenye foleni. Kiptanui alisimama karibu na mizani, mikono nyuma. Muthoni alifika akiwa amevaa nguo ya kanisani. Mwalimu Nyatichi alikuja pia, ingawa hakuna aliyemwita. Shirley peke yake hakuonekana.

"Ameogopa," Kiptanui akasema, na watu wawili watatu wakacheka.

Hapo wakamsikia. Alikuwa anaburuta kitu kizito kwenye kokoto, anavuta, anapumzika, anavuta. Kipkurui alitoka foleni kumsaidia, na wote wawili wakalipandisha gunia juu ya meza, pale pale yanapomwagwa majani.

"Ala! Meza ya chai hiyo!" Zacheus akapiga kelele.

"Tutaipangusa," Shirley akamjibu. Sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini hakuishusha. "Nimeambiwa niombe msamaha mbele yenu. Nimekuja kuomba. Tulirudisha magunia tisa kwa wenyewe. Kwa hayo tisa siombi msamaha, leo wala kesho. Yalikuwa yenu na yalirudi kwenu. Lakini kulikuwa na la kumi, na mimi nililificha, kwa sababu ni la kwetu."

Akalifungua. Nailoni za mistari ya njano zilimwagika mezani, mamia, zimelowa matope. Watu wakanyoosha shingo kuona.

"Gogo," Shirley akamgeukia Chepkemboi, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka, "hizi ndizo zilikuwa kwa tumbo la ng'ombe wako. Nilijua tangu siku ile. Nisamehe, gogo. Nilinyamaza."

Gogo Chepkemboi aliacha kikapu chake, akasogea mezani, akaokota nailoni moja, akainyoosha kwa vidole vilivyopasuka kwa kuchuna chai. Alikuwa amekasirika na hakuficha.

"Kwa hiyo ni nyinyi," alisema.

"Ni sisi, gogo."

"Mandazi yenu nimekula miaka mingapi." Akaitupa ile nailoni mezani. Halafu akainua kichwa, akamtazama Kiptanui. "Lakini daktari alitoa kamba pia. Kamba za magunia ya mbolea. Hizo nazo ni za Mama Shirley? Yeye anauza mbolea?"

"Tusichanganye mambo, mama," Kiptanui akasema. "Mtoto ameletwa hapa kuomba msamaha. Huu si msamaha! Kama ni hivi, Jumatatu asionekane shuleni."

Macho yote yalimwendea Muthoni. Alikuwa amesimama kwenye nguo yake nzuri, uso umemwiva kwa aibu. Shirley hakuthubutu kumtazama. Alijua amemvua mama yake nguo mbele ya watu ambao ni lazima awauzie chumvi kesho.

Muthoni alisogea polepole. Alizirudisha nailoni guniani kwa mikono miwili, moja moja zilizokuwa zimeganda mezani akazibandua. Alifunga mdomo wa gunia, akaomba kamba, na mwanamke mmoja kwenye foleni akampa yake. Aliizungusha, akaipachika kwenye paji la uso vile wanawake wa kwao walivyobeba kuni tangu zamani, akainama, akasimama na gunia mgongoni. Maji ya matope yalimtiririkia kwenye ile nguo ya kanisani.

"Gogo," alisema, "jioni nitakuja kwako. Sitakuja na maneno matupu. Mandazi kuanzia kesho, anayetaka aje na bakuli lake, na asiyetaka ale kwake." Kisha akageuka, ameinama kwa uzito, ikabidi amtazame Kiptanui kwa chini, lakini alimtazama. "Mwenyekiti, langu nimebeba. Nimesikia yako matatu ulirudisha korongoni Jumamosi. Na Jumatatu mtoto wangu ataenda shule. Nitamshika mkono mwenyewe mpaka kwa mlango wa darasa. Ukitaka kumtoa, utanikuta hapo."

"Na mimi utanikuta," gogo Chepkemboi akasema.

"Na mimi," akasema Mwalimu Nyatichi. Yule mwanamke aliyetoa kamba akasema hivyohivyo, na aliyemfuata, na foleni ikaanza kunguruma. Mtu nyuma kabisa akapaza sauti kwamba hamwagi majani yake mezani mpaka mwenyekiti aende korongoni. Zacheus alitazama mizani, akatazama foleni, akaizima mizani. Kiptanui alisimama pale katikati, vyeo vyake vitatu na yeye, na hakukuwa na mtu wa kumtuma.

Shirley na mama yake walitoka kwenye manyunyu, wakashika njia ya nyumbani. Muthoni alitembea mbele, na Shirley alimfuata hatua mbili nyuma, akiusukuma mzigo kwa chini ili kamba isimkate mama yake kichwa. Walitembea hivyo mpaka wakapita kanisa.

"Umenidhalilisha," Muthoni akasema bila kugeuka. "Mbele ya watu wote."

"Ndiyo, mama."

"Nimekasirika. Hata kesho nitakuwa nimekasirika."

"Najua, mama. Mama, mimi..."

Muthoni alisimama ghafla, akageuka na mzigo wake wote, maji yakimtiririka usoni, akamnyooshea binti yake kidole.

"Wee! Usithubutu kuniomba msamaha."