Machozi ya Ng'ombe wa Olbalbal

Thomasi alikuwa amechoka hadi kukaa kwenyewe kulimchosha. Gari la idara halikuwa na petroli, basi akatembea kwenda Olbalbal na kurudi, begani vichupa na pamba, kuchukua machozi ya ng'ombe wa mzee Kaika. Watatu walikuwa wanaharisha na watu walinong'ona sotoka, ule ugonjwa wa kuambukiza unaomaliza ng'ombe zizi zima. Yeye alikuwa msaidizi wa bwana mifugo, mzaliwa wa Qurus, mtu wa mahindi na maharage. Jua la kule halikumwonea huruma.

Ofisini Karatu alitia machozi kwenye vishimo vya kioo kilichomwagiwa jeli, katikati akadondosha dawa ya kupimia. Kirusi cha sotoka kikiwemo, kesho yake ukikiinua kioo kwenye mwanga unaona mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Ukiuona, ng'ombe hawatoki walipo hadi chanjo ifike, na Olbalbal maji yalikuwa yamekwisha. Usipouona, wanahamia kisimani wanakokunywa ng'ombe wa maboma yote.

Asubuhi alikiinua dirishani, akakigeuza huku na huku. Hakuna mstari. Jamani, alifurahi! Aliandika kibali palepale, akakituma kwa gari la hifadhi ya wanyama lililokuwa likielekea huko, akaenda zake kulala fofofo.

Siku ya tatu mzee Kaika akaingia ofisini na kibuyu cha maziwa.

"Daktari, nimekuja kushukuru. Mke wangu Nalangu anakusalimu sana. Yeye ndiye alihangaika."

"Alihangaika na nini, mzee?"

"Ile asubuhi uliyokuja. Aliamka mapema akawaosha macho wale wagonjwa, mmoja mmoja, akawapangusa na kitambaa. Mgeni wa serikali akute ng'ombe wana matongo? Aibu hiyo. Tulimaliza maji yetu yote ya kunywa."

Thomasi aliweka kalamu chini. Kumbe hakupima machozi. Alipima maji ya kunywa ya watu wenye adabu. Alitaka kumkasirikia mtu, hasira ikakosa pa kwenda. Yeye mwenyewe hakuwa ameuliza.

"Na ng'ombe wako wapi sasa?"

"Kisimani, tangu juzi. Wamekunywa pamoja na wenzao wote mpaka wakashiba. Mbona umesimama, daktari? Kunywa maziwa kwanza."